Kukokotoa Uzito na Mlingano wa Ndege Ndogo Kabla ya Kuruka: Mfano wa Cessna 172S

Kila kundi jipya la wanafunzi wa urubani huja na maswali yale yale. Ndege ina viti vinne, mbona mwalimu anakataa kubeba watu wanne? Buti lina nafasi tele, mbona begi limerudishwa hanga? Matangi hayajajaa, kwa nini tusiyajaze kabisa ili tusiwe na wasiwasi angani? Jibu la maswali yote matatu ni moja: viti vinne, buti na matangi vimewekwa ili uchague namna ya kuzigawa pauni chache za uzito ulizoruhusiwa, wala havikuwekwa ili vijazwe vyote kwa safari moja. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kufanya mgawo huo kwa penseli na karatasi, kabla hujapanda ndegeni.

Nimechagua Cessna 172S kwa sababu vyuo vingi vya urubani huitumia. Vipimo vyake hutolewa kwa pauni, inchi na galoni za Marekani, nasi tutavifuata hivyo hivyo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na hati ya kupimwa uzito ya ndege utakayoirusha, yenye namba ya usajili wake. Kitabu cha mwongozo cha modeli hiyo, chenye mchoro wa vikomo. Mizani ya kusimamia mtu. Kijiti cha kupimia mafuta kilichotengenezwa kwa matangi ya modeli hiyo. Kikokotoo, karatasi na penseli. Simu yenye programu ya kukokotoa haikatazwi, lakini jifunze kwanza kwa mkono, maana anayejua kukokotoa kwa mkono hugundua upesi programu inapompa jibu la ajabu.

Nadharia kidogo, na isizidi hapo

Ukimwona mtu amebeba mzega wa madebe mawili ya maji, utaona kwamba debe moja likipungua maji yeye husogeza mti begani mpaka pande mbili zitulie. Ndege nayo ni mzega, na bega lake ni bawa, ila bega hili halisogei. Kinachoweza kusogezwa ni mizigo tu.

Tunahitaji maneno matatu. Mstari wa msingi ni mahali ambapo umbali wote huanza kupimwa. Kwa Cessna 172S ni uso wa mbele, sehemu ya chini, wa bamba la chuma linalotenganisha injini na chumba cha rubani. Momenti ni uzito wa kitu ukizidishwa kwa umbali wake kutoka mstari huo. Kitovu cha uzito ni nukta ambayo ndege ingetulia kama ungeining'iniza hapo kwa kamba, nacho hupatikana kwa kugawanya jumla ya momenti kwa jumla ya uzito.

Hatua za kufuata

1. Chukua uzito mtupu na momenti yake kutoka kwenye hati ya ndege yako.

Uzito mtupu wa 172S hujumuisha oili yote ya injini na mafuta yasiyotumika yaliyobaki chini ya matangi, kwa hiyo usiyaongeze tena. Katika mfano wetu tuchukue ndege yenye uzito mtupu wa pauni 1,690 na momenti ya 67,600. Tarakimu hizi ni za mazoezi tu.

Onyo: kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuchukua uzito mtupu wa ndege ya mfano iliyochapishwa ndani ya kitabu. Ile ni ndege ya karatasini. Ya kwako imebadilishwa redio, imepakwa rangi upya, pengine imeongezewa vifaa ambavyo kiwanda hakikuviweka. Vilevile usiazime tarakimu za 172 ya jirani: uzito wa juu wa kuruka wa 172N ni pauni 2,300, wakati wa 172S ni pauni 2,550, ingawa zikiegeshwa pamoja uwanjani mgeni hawezi kuzitofautisha.

2. Wapime watu wote pamoja na mizigo yao kwa mizani.

Hapa ndipo penye aibu, na ndipo penye hatari. Watu hutaja uzito waliokuwa nao walipooa. Nilipata kumbeba mzee mmoja aliyenihakikishia kwamba ana kilo 75. Alipopanda kwenye mizani ya hanga ikasoma 93, akacheka akasema ni viatu. Sikubishana naye, niliandika 93. Njia nzuri ni kuwaambia abiria tangu walipokubali safari kwamba kila mtu atapimwa, rubani akiwa wa kwanza, ili asione mtu kwamba amelengwa yeye. Wapime wakiwa wamevaa na kushika watakavyopanda navyo, pamoja na pochi na chupa za maji.

Onyo: usitumie uzito wa wastani wa abiria kwenye ndege ndogo. Wastani huleta maana mahali penye watu wengi, ambapo mnene na mwembamba hufidiana. Kwa watu wanne hakuna wa kumfidia mwenzake. Hata kwa ndege kubwa zaidi wastani umewahi kudanganya. Tarehe 8 Januari 2003 ndege ya abiria aina ya Beech 1900D ilianguka Charlotte, Marekani, ikaua watu wote 21 waliokuwamo. Wachunguzi walikuta mambo mawili yamekutana: usukani wa mkiani ulikuwa umerekebishwa vibaya, na kitovu cha uzito kilikuwa nyuma ya kikomo, ingawa hesabu ya karatasini iliyotegemea wastani wa abiria na mizigo ilionyesha kwamba mambo ni shwari. Baada ya hapo mamlaka ya anga ya Marekani ilipandisha wastani huo.

3. Geuza kila kitu kiwe kwa kipimo kimoja.

Kilo moja ni pauni 2.205. Galoni moja ya Marekani ni lita 3.785, nayo ikiwa ya petroli ya ndege ina uzito wa pauni 6. Kwa lita, hesabu kilo 0.72 kwa kila lita. Fanya ugeuzaji wote mara moja, mwanzoni, kisha futa kilo zote kwenye karatasi zisikuchanganye. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Kanada iliishiwa mafuta angani kwa sababu mafuta yalikokotolewa kwa pauni mahali palipotakiwa kilo. Kama marubani wa ndege kubwa walinaswa na mtego huo, mwanafunzi mwenye saa 20 za kurusha ndege asijione amepona.

4. Jaza jedwali bila mafuta kwanza.

Umbali wa vituo vya 172S ni huu: viti vya mbele inchi 37, viti vya nyuma inchi 73, mafuta inchi 48, buti sehemu A inchi 95, na buti sehemu B inchi 123. Tuseme mnatoka Dar es Salaam kwenda Unguja na kurudi. Rubani ana kilo 80, abiria wa mbele kilo 90, wa nyuma wawili wana kilo 70 na kilo 65, na kuna kilo 25 za mizigo katika sehemu A.

Ndege tupu: 1,690, momenti 67,600.
Viti vya mbele: 374 × 37 = 13,838.
Viti vya nyuma: 298 × 73 = 21,754.
Buti A: 55 × 95 = 5,225.
Jumla bila mafuta: pauni 2,417, momenti 108,417.

Gawanya 108,417 kwa 2,417 upate inchi 44.86. Tarakimu hii itunze, tutairudia.

Onyo: inchi 37 ni ya kiti kilichosogezwa mahali pa kawaida. Mtu mrefu akikivuta kiti nyuma kabisa, umbali wake unaweza kufika inchi 46, na kwa mtu mzito hilo si jambo dogo. Kuhusu buti, sehemu A inaruhusiwa pauni 120 na sehemu B pauni 50, lakini zote mbili kwa pamoja hazipaswi kuzidi pauni 120. Wengi huzijumlisha wakapata 170 na kujiona wana nafasi.

5. Tafuta mafuta unayoweza kubeba.

Wengi hujaza matangi halafu ndipo wakokotoe. Geuza mpangilio huo. Matangi ya 172S yana galoni 53 zinazotumika, yaani pauni 318. Ukiziongeza kwenye 2,417 unapata 2,735. Hata ukitoa pauni 8 zinazohesabiwa kuungua wakati wa kuwasha injini na kutembea ardhini, unabaki na 2,727, yaani umezidisha kikomo kwa pauni 177. Ni kama kumpakia mtu mzima wa tano asiye na kiti.

Kikomo cha uzito ndege ikiwa bado kwenye maegesho ni pauni 2,558, na cha kuruka ni 2,550. Galoni 23 zina pauni 138: 2,417 + 138 = 2,555, unaruhusiwa. Toa 8, uzito wa kuruka ni pauni 2,547.

Sasa jiulize kama galoni 23 zinatosha. Tukichukua matumizi ya galoni 9 kwa saa, unaweza kukaa angani zaidi ya saa mbili kabla ya matangi kukauka. Kuvuka kwenda Unguja hakufiki nusu saa, kwa hiyo utakwenda, utarudi, na akiba ya kutosha itabaki. Kama safari ingekuwa ya kwenda Mwanza hesabu isingekubali, nawe ungelazimika kumwacha mtu au kupanga kituo cha kujaza mafuta njiani. Kinachopunguzwa ni watu, mizigo au urefu wa safari. Akiba ya mafuta haiguswi kamwe.

6. Kokotoa kitovu cha uzito wakati wa kuruka.

Mafuta 138 × 48 = 6,624. Ukijumlisha na 108,417 unapata 115,041. Toa momenti ya zile pauni 8, ambayo ni 384, ubaki na 114,657. Gawanya kwa 2,547: inchi 45.02.

7. Linganisha na vikomo.

Kikomo cha nyuma cha 172S ni inchi 47.3 kwa uzito wowote. Kikomo cha mbele hakisimami mahali pamoja: ni inchi 35.0 kwa uzito wa pauni 1,950 au pungufu, kisha husogea nyuma kwa mstari ulionyooka kadiri ndege inavyozidi kuwa nzito, mpaka inchi 41.0 kwa pauni 2,550. Kwa uzito wetu, nafasi halali ni kati ya inchi 41.0 na 47.3. Inchi 45.02 imo ndani. Weka nukta kwenye mchoro wa kitabu kwa penseli, usiridhike na kuitazama kichwani.

Mchoro huo una eneo dogo zaidi ndani yake, ambalo ni la mazoezi ya nguvu kama kuzungusha ndege kama pia. Hapo uzito usizidi pauni 2,200 na kikomo cha nyuma ni inchi 40.5, na hakuna mtu wala mzigo unaoruhusiwa nyuma. Mwanafunzi anayekwenda kwenye zoezi hilo akiwa na begi la vitabu kiti cha nyuma amekwisha kuvunja sharti kabla ya kuwasha injini.

8. Rudia hesabu kwa wakati wa kutua.

Tuseme utachoma galoni 9, yaani pauni 54, kwa safari nzima. Uzito wa kutua ni 2,493, momenti ni 114,657 − 2,592 = 112,065, na kitovu ni inchi 44.95. Kimesogea mbele kidogo, kuelekea ile 44.86 uliyoitunza, ambayo ndiyo mahali kitovu kingefika kama matangi yangekauka kabisa. Ikiwa nukta ya kuruka na nukta ya matangi makavu zote zimo ndani ya vikomo, safari nzima imo ndani. Katika 172S tofauti ni ndogo kwa sababu matangi yako karibu na kitovu, lakini utakapohamia ndege nyingine hali inaweza kuwa tofauti kabisa, kwa hiyo jizoeze tangu sasa.

9. Kagua kwamba uwanja na hali ya hewa vinauruhusu uzito huo.

Pauni 2,550 ni kikomo cha ndege, si ahadi kwamba itapaa. Uwanja wa Dar es Salaam uko karibu na usawa wa bahari. Wilson, Nairobi, uko kwenye futi 5,500 hivi, na joto likifika nyuzi 25 za selsiasi injini na mabawa huhisi kama wako futi 8,000. Uzito uliopaa bila shida Dar es Salaam unaweza kukufikisha mwisho wa njia ya kurukia ukiwa bado chini. Kanuni ya haraka ni kwamba uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, umbali unaohitajika kuruka huongezeka kwa takriban asilimia 20. Baada ya kumaliza mlingano, fungua majedwali ya kuruka na kupaa katika kitabu hicho hicho, na yakikataa, punguza uzito hata kama uko ndani ya vikomo vyote.

Kwa nini kikomo cha nyuma kinaogopwa zaidi

Kitovu kikiwa mbele mno, pua huwa nzito; unavuta usukani mpaka mwisho wakati wa kutua na pua bado haiinuki, gurudumu la mbele linapiga chini kwanza. Unaweza kuvunja kitu, lakini ndege yenyewe inakuonya mapema kwamba ni nzito mkononi. Kitovu kikiwa nyuma mno, usukani huwa mwepesi kwa namna inayopendeza, na mgeni hudhani ndege imekaa vizuri. Kisha pua huinuka bila kuombwa mara tu magurudumu yanapoacha ardhi, mabawa hupoteza mnyanyuko, na nguvu ya kuishusha pua haipo tena. Tarehe 25 Agosti 2001 Cessna 402B ilianguka mara tu baada ya kuruka Marsh Harbour, Bahamas, ikaua watu wote 9, akiwamo mwimbaji Aaliyah. Uchunguzi ulikuta uzito umepita kikomo na kitovu kiko nyuma ya mahali kilipotakiwa kuwa.

Mambo yakienda kombo

Jibu lako ni inchi 4.5, 450 au 0.02. Umekosea nukta ya desimali, au umegawanya uzito kwa momenti badala ya momenti kwa uzito. Vitabu vingine huandika momenti iliyokwisha kugawanywa kwa 1,000. Ukichanganya hiyo na momenti kamili, jibu litakuwa la kichekesho. Kwa 172S, jibu lolote lililo nje ya inchi 35 hadi 48 likufanye urudie hesabu kabla ya kulaumu mizigo.

Uzito unafaa, lakini kitovu kiko nyuma ya kikomo. Mhamishe mtu mzito mbele na mwepesi nyuma. Huhitaji kuanza upya: zidisha uzito uliohamishwa kwa umbali uliohama, kisha gawanya kwa uzito wote. Katika mfano wetu, mwenye kilo 90 na mwenye kilo 65 wakibadilishana viti, tofauti yao ni pauni 55 na umbali ni inchi 36. 1,980 gawanya kwa 2,547 ni inchi 0.78. Kitovu kingerudi nyuma mpaka 45.80, kwa kubadilishana viti tu. Wala usijaribu kuponya tatizo hili kwa kuongeza mafuta: katika 172S mafuta yako inchi 48, nyuma ya kikomo chenyewe, kwa hiyo kila galoni inakivuta kitovu nyuma.

Kitovu kiko karibu na kikomo cha mbele. Hutokea mwalimu na mwanafunzi wenye miili wanapokaa mbele, nyuma pakiwa patupu. Ndege yetu ikiwa na watu wawili wa pauni 220 kila mmoja na matangi yaliyojaa, kitovu kingekuwa inchi 40.5, wakati kikomo cha mbele kwa uzito huo ni kama inchi 39.9. Imepona kwa zaidi kidogo ya nusu inchi. Begi lililofungwa vizuri butini linasaidia, mradi ulipime na kuliandika.

Matangi yamejazwa jana jioni na mtu mwingine, nawe una abiria watatu. Kutoa mafuta matangini ni kazi, na mahali pengi hapana vifaa vya kuyahifadhi. Tegemea kuacha mtu, au kumpa ndege hiyo mwanafunzi anayekwenda na mwalimu peke yao. Hii ndiyo sababu mtu mwenye safari ya kesho huacha neno hangani kwamba matangi yasiguswe mpaka afike. Ukifika, pima kwa kijiti; usiamini mshale wa dashibodi.

Programu ya simu na karatasi havilingani. Kwanza tazama uzito mtupu ulioandikwa ndani ya programu. Mara nyingi ni wa kabla ya ndege kupimwa upya.

Injini imeshawaka, na mwenyeji anakuja mbio na kapu la maembe la kuwapelekea nyumbani. Zima injini, shuka, lipime. Katika mfano wetu zimebaki pauni 3 kufika kikomo, na kapu la maembe halina pauni 3.